Piso Net: miaka miwili Los Baños, Ufilipino, chumba changu kikiwa juu ya vijana wa gemu

Mpunga wa Bondeni (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita kwenye ule uzi wa watoto na magemu niliandika mistari mitatu kuhusu Ufilipino, watu wakanifuata pembeni wakitaka nieleze vizuri. Leo nimepata nafasi. Ni ndefu, anayechoka apumzike kisha arudi.

Nilifika kule katikati ya 2013 kusomea mpunga. Watu wa kilimo wanaijua Los Baños: ndiko iliko IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoanzishwa 1960, na chuo kikuu kiko palepale chini ya mlima Makiling, kama kilomita 60 kusini-mashariki mwa Manila. Nilipanga chumba mtaa wa Grove, nje kidogo ya lango la chuo, ghorofa ya kwanza. Chini yangu kulikuwa na comshop. Ndivyo wanavyoiita intaneti kafe. Kwa miaka miwili nimelala na kuamka juu ya kelele za vijana wa miaka 12 mpaka 22 wakicheza Dota.

Duka lilikuwa na sehemu mbili. Ndani kuna kiyoyozi, kompyuta ishirini hivi, unalipia saa. Huko ndiko waliko wanachuo. Nje barazani, chini ya bati, kulikuwa na kompyuta sita kuukuu, na hizo ndizo piso net; piso ndiyo peso kwa lugha yao. Kila moja imefungiwa kwenye sanduku la mbao lenye tundu la sarafu, kama la mashine za dubwi huku kwetu. Unatumbukiza peso moja, kioo kinawaka, na saa ndogo yenye tarakimu nyekundu inaanza kuhesabu kushuka. Pale kwetu peso moja ilikuwa dakika nne. Kwa bei ya fedha ya wakati ule peso ilikuwa kama shilingi 38, kwa hiyo saa nzima ni peso 15, haifiki hata shilingi 600. Saa ikigonga sifuri, kioo kinazima, uwe katikati ya jambo gani.

Sasa hapo weka Dota. Kwa asiyeijua: ni watano dhidi ya watano, kila timu ina ngome yake, na mechi moja huchukua dakika 30, mara nyingi 45, zikinoga hata saa nzima. Ukiondoka katikati, wenzako wanne wamebaki kupigwa na watano. Mtoto anakuja na peso tano, yaani dakika 20, anaingia kwenye mechi ya dakika 45. Anajua hazitoshi. Wenzake wote wanajua hazitoshi. Wanaingia hivyo hivyo.

Kwa hiyo kila jioni, mechi ikifika katikati, ninasikia kutoka chini: "Piso! Piso!" Ni mtoto anaomba sarafu. Na sarafu inakuja. Kulikuwa na dogo mmoja wa miaka 13, mwembamba, anavaa fulana ya mpira wa kikapu inayomfika magotini. Alikuwa anazipanga sarafu zake juu ya sanduku kama mnara. Mkono wa kulia uko kwenye kipanya, wa kushoto kwenye kibodi, na kila baada ya muda ule wa kushoto unainuka, kidole kinagusa mnara bila yeye kutazama, kinahesabu, kinarudi. Mwenzake akipiga kelele za piso, anachomoa moja na kuirusha. Sijawahi kumwona akikataa, hata siku alizobakiwa na mbili.

Watu wanaposema vijana wa Ufilipino wametekwa na gemu, mimi nakumbuka mkono ule. Msimamo wangu nauweka mapema ili mnibishie vizuri: wale watoto walifungwa na wenzao kuliko walivyofungwa na kioo. Tukitaka kuzungumzia tabia yao ya kucheza, tuanzie hapo.

---

Mama Wawili Tabata

Kaka, umeandika vizuri lakini umepamba. Hao watoto shule walikuwa wanakwenda saa ngapi? Mimi wa kwangu ana miaka 14, nauli ya shule inaishia kwenye banda la gemu, na nikimfuata ananiambia "mama subiri mechi iishe". Mechi haiishi. Nikisoma kwamba wanapeana sarafu sioni uzuri wowote, naona wanasaidiana kupotea.

---

Mpunga wa Bondeni

Mama, shikamoo. Umesema kweli na sitakubishia kwa wepesi.

Shule kwanza. Shule za serikali kule zilikuwa zimejaa, nyingi zikisomesha kwa zamu, hawa asubuhi na hawa mchana. Kwa hiyo nusu ya siku mtoto yuko huru, nyumbani kuna joto, wazazi wako kazini. Mwaka wao wa shule wakati ule ulianza Juni ukaisha Machi, likizo ndefu ni Aprili na Mei, miezi ya joto kali. Miezi hiyo pale barazani hapakuwa na pa kuweka mguu.

Utoro ulikuwepo. Miji mingi ina sheria ndogo za kukataza wanafunzi kuingia comshop saa za masomo, na sare ya shule ndiyo kitambulisho. Watoto walijua, wakawa wanabeba fulana kwenye begi. Pale kwetu aliyewashinda alikuwa msimamizi wa duka. Kule msimamizi anaitwa bantay. Wetu alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, watoto wote walimwita Ate, yaani dada mkubwa. Mimi waliniita Kuya, kaka mkubwa, ingawa nilikuwa mgeni mweusi nisiyejua lugha. Heshima hiyo wanayo, kama sisi tu. Ate alikuwa na daftari la madeni, na nyuma ya daftari aliandika namba za simu za mama na bibi wa kila mtoto anayekuja mara kwa mara. Fulana haikumdanganya, alikuwa anatazama viatu. Mwenye viatu vyeusi vya shule saa nne asubuhi anatolewa nje. Na saa nne usiku wadogo wote wanatoka, awe anashinda au anashindwa.

Kuhusu "mama subiri mechi iishe", nikusimulie jambo moja. Siku moja alikuja mama wa yule dogo wa mnara, kandambili mkononi. Kule kandambili ya mama inajulikana kama fimbo inavyojulikana kwetu. Baraza zima likanyamaza. Dogo hakugeuka, mabega yakapanda tu. Mwenzake wa kiti cha pili akasema taratibu: "Tita, patapos na po." Shangazi, inakaribia kuisha. Ile "po" ni ya heshima, huwezi kuzungumza na mkubwa bila kuiweka. Mama akasimama nyuma ya mwanawe kimya, kandambili mkononi, akitazama kioo. Dakika tano. Kumi. Saa nyekundu ikaanza kukaribia sifuri na mnara ulikuwa umekwisha. Wallahi yule mama akafungua pochi akatumbukiza peso moja. Walipomaliza akamshika sikio mpaka nyumbani.

Sisemi na wewe ufanye hivyo. Lakini yule mama alijua mechi ni nini na inaisha lini, na dogo alijua mama anajua. Kesho yake alikuja saa kumi jioni akaondoka saa kumi na moja.

---

Chalii wa Sokoni

Mkuu, na wale maproo? Nasikia Wafilipino ni moto kwenye mashindano ya dunia. Hawatokei humohumo kwenye hizo kafe?

---

Mpunga wa Bondeni

Ndimo wanamotoka, mkuu. Ile timu ya TNC imebeba jina la mtandao wa intaneti kafe. Agosti 2016, kwenye mashindano makubwa ya Dota 2 kule Seattle, The International, waliwatoa OG, timu iliyokuwa inatajwa kuchukua kombe. Mimi nilikuwa nimesharudi Tanzania, nilitazama usiku peke yangu nikipiga makofi kama mwendawazimu. Mineski nao walikuwa na timu na mtandao wa kafe. Halafu 2019 michezo ya Asia ya Kusini-Mashariki ilifanyika Ufilipino kwenyewe, mara ya kwanza gemu za kompyuta zinatolewa medali pale, na wenyeji wakachukua dhahabu tatu: Dota 2, Mobile Legends (gemu ya simu inayofanana na Dota) na StarCraft II.

Kizazi kilichowatangulia, kaka zao, kilianza na Counter-Strike na Ragnarok Online iliyoingia nchini 2003, wakinunua kadi za kukwangua ili kuongeza muda. Kwa hiyo ni utamaduni wenye umri, na wapo walioupata ugali wao humo, au niseme wali wao.

Lakini nisiwe mnafiki. Njia hiyohiyo ina kitu kinaitwa pustahan, kubeti. Vijana watano wa mtaa huu wanawaita watano wa mtaa ule, kila mmoja anaweka dau, peso 20, 50, wakubwa hata 100. Ate alikataza barazani, wakawa wanawekeana pesa kwenye ngazi za chumba changu. Pale ndipo nilipoona sura zinabadilika. Mechi ya kawaida wakishindwa wanacheka, wanatukanana kidogo, wanaomba nyingine. Mechi ya dau wakishindwa wanatafuta wa kulaumu, na wa kulaumiwa siku zote ni mdogo kuliko wote. Nimetenganisha ngumi mara mbili kwenye ngazi zile. Mwaka 2015, nikiwa kwenye miezi yangu ya mwisho, barangay ya Salawag huko Dasmariñas, mkoa wa Cavite, ilipiga marufuku Dota kwenye comshop zake kwa sababu ya mambo kama haya. Barangay ni kama serikali ya mtaa kwetu. Vijana wa chini kwangu waliposikia, mmoja akasema si watapanda jeepney, daladala zao, waende barangay ya pili. Na hicho ndicho ambacho na mimi ningekifanya katika umri wao. Dau lingekatazwa peke yake, na katazo hilo likasimamiwa, ningeunga mkono kwa mikono miwili.

---

Mzalendo wa Doha

Nimesoma kimya tangu mwanzo, naomba na mimi nichangie. Niko Doha mwaka wa saba, kazi ya hoteli, nusu ya wenzangu ni Wafilipino. Kuna mama mmoja wa miaka 46 tunafanya naye zamu, ana mtoto wa kiume kwao Iloilo analelewa na bibi. Zamani Jumapili mtoto alikuwa anakwenda intaneti kafe, anakaa mbele ya kamera, wanaongea. Siku hizi kuna simu, lakini mtoto amekua, kila akimpigia anajibiwa "opo, opo", ndiyo mama, ndiyo mama, basi simu imekatwa.

Unajua alichofanya? Amejifunza Mobile Legends. Mapumziko ya saa nane mchana, kule kwao ni saa moja jioni, anakaa kwenye ngazi za jikoni anaingia timu moja na mwanawe. Mechi ni dakika kumi na tano, ishirini. Hachezi vizuri, anakufa sana, na mtoto anamfokea: "Ma, rudi nyuma! Ma, nifuate mimi!" Aliniambia, kaka, hizo ndizo dakika pekee mwanangu ananiongelesha yeye. Mimi na wangu niliowaacha Tanga sijalala vizuri tangu aniambie hivyo.

---

Mpunga wa Bondeni

Kaka, umenigusa. Hilo la kamera nilitaka kulileta.

Takwimu za serikali yao za 2014 zilionyesha Wafilipino wanaofanya kazi nje ni milioni 2.3, na karibu robo yao walikuwa Saudi Arabia. Pale chini kwangu kompyuta ya mwisho, ya kona, ndiyo pekee iliyokuwa na kamera nzuri, na Ate aliitunza kwa ajili hiyo. Jumapili kulikuwa na foleni: bibi ameshika mkono wa mjukuu, mtoto amepakwa poda, amechanwa nywele na maji. Peso kumi, dakika arobaini na mama aliyeko Riyadh au Kuwait. Mama akiaga, bibi anarudi nyumbani kupika. Mtoto anafuta poda, anahamia kiti cha pili, anatoa sarafu iliyobaki.

Nimewaona watoto wakihama kiti hicho mara nyingi sana. Ukimwuliza mtu kwa nini huyu mtoto anashinda comshop, jibu liko kwenye ile kona. Mahali pa kucheza ndipo mahali pa kumwona mama.

---

Daktari Mstaafu wa Mitaa

Ndugu mwandishi, hayo ya hisia ni sawa, ila kumbuka kuna watu hili ni ugonjwa kabisa. Shirika la Afya Duniani limeshaliweka kwenye orodha yake. Usiwafanye wazazi wakalala.

---

Mpunga wa Bondeni

Mzee wangu, nakubali. Orodha hiyo ya ICD-11 ilipitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Nilivyoisoma, inataka mambo matatu yawepo pamoja: mtu ameshindwa kujizuia, gemu imetangulia mbele ya mengine yote ya maisha, na anaendelea hata anapoona inamharibia. Na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 hivi. Si kila mtoto anayemwambia mama "subiri".

Kwa miaka miwili nilimwona mmoja ambaye leo nikisoma maneno yale namkumbuka yeye. Mwanachuo wa uhandisi, wa ndani kwenye kiyoyozi. Kulikuwa na bei ya usiku kucha, unalipa mara moja mpaka alfajiri, na yeye alihamia humo. Alilala akiwa amekaa. Alikula tambi za kikombe. Na hapa ndipo palipo tofauti na watoto wa barazani: alikuwa hachezi na mtu. Viti viwili kushoto na kulia kwake vilikuwa vitupu, kichwani amevaa hedifoni, hata Ate akimwita jina haitiki. Muhula mzima ulimpita. Siku moja akaja baba yake kutoka mkoani, mzee mfupi mwenye mikono ya mkulima, kofia ameivua. Hakugomba. Aliuliza deni, Ate akafungua daftari, peso 380, mzee akalihesabu kwa noti za 20 na sarafu, akalimaliza. Akamgusa mwanawe begani. Wakaondoka kwa jeepney mchana huohuo, kijana akiwa mbele, baba nyuma na begi.

Kwa hiyo mzee, naogopa kama wewe unavyoogopa. Ninayemwogopea zaidi ni yule anayecheza peke yake.

---

Chalii wa Sokoni

Mkuu, malizia. Hizo kafe bado zipo?

---

Mpunga wa Bondeni

Kabla ya hapo nirudi nyuma kidogo. Tarehe 16 Julai 2014 kimbunga walichokiita Glenda kilipita juu yetu. Sijawahi kusikia upepo kama ule. Asubuhi miti ya Makiling imelala, nyaya ziko barabarani, na umeme haukurudi kwa siku nyingi. Siku ya pili jioni nikasikia sauti chini kama kawaida. Nikashuka. Kompyuta zote sita zimezimwa, zimefunikwa nailoni, na watoto wako kwenye viti vyao vilevile, kila mmoja mbele ya kioo chake cheusi. Wanasimuliana mechi. "Ungepita juu, mimi ningemkata huku." Dogo wa mnara anaonyesha kwa kidole kwenye kioo kisichowaka mahali adui alipojificha juzi. Ate amekaa mlangoni anachambua mchele. Walikaa mpaka giza, wakaaga, wakaenda.

Ndiyo maana nikaanza na msimamo ule.

Sasa jibu lako. Mobile Legends ilitoka 2016, simu zikashuka bei, na barazani pakaanza kupungua. Machi 2020 korona ikafunga kila kitu, na shule kule zilikaa muda mrefu sana bila kufunguliwa. Comshop nyingi hazikuamka tena. Wengine 2021 wakaingia kwenye ile Axie Infinity, gemu iliyoahidi kulipa watu kwa kucheza, wakati hapakuwa na kazi. Kuna waliolipa kodi ya nyumba kwayo kwa miezi, kisha thamani ikaporomoka, na Machi 2022 wadukuzi wakaiba humo zaidi ya dola milioni 600. Hilo linataka uzi wake.

Comshop ya chini kwangu ilifungwa Juni 2020. Nilitaka kuandika hapa kwamba simu imewatawanya watoto, kila mtu na chumba chake, lakini juzi rafiki yangu tuliyesoma naye, mwenyeji wa hapo, alinitumia picha nikafuta. Duka sasa ni la dobi, nguo zinapimwa kwa kilo. Masanduku ya mbao yameondolewa. Ukutani kumefungwa kisanduku kidogo chenye tundu la sarafu, piso wifi, unatumbukiza peso unapata intaneti ya dakika kadhaa kwenye simu yako. Na chini yake kuna benchi, watoto watano wamebanana, kila mmoja na simu, vichwa vimeinamia katikati, midomo wazi, wanafokeana.

Nikamwuliza rafiki yangu, Ate yuko wapi? Ameolewa, yuko Batangas. Na hawa, saa nne usiku nani anawarudisha nyumbani?

Akasema mwenye dobi akifunga, anazima swichi.